Chai Isiyo na Sukari kwa Afya ya Kinywa: Tathmini ya Kinywaji Kinachosifiwa Kulinda Meno

Pakiti nyingi za chai siku hizi hubeba sifa ambazo zamani zilikuwa za dawa za meno: hupunguza bakteria, huondoa harufu mbaya ya kinywa, huimarisha meno. Kwa kuwa hakuna kinywaji kinachonywewa zaidi duniani baada ya maji, madai hayo yanawagusa watu wengi mno kuachwa yapite bila kuhojiwa, nami nimeona inafaa chai ifanyiwe tathmini kama bidhaa nyingine yoyote inayouzwa kwa ahadi. Ninayoitathmini hapa ni chai inayotokana na mmea wa Camellia sinensis, yaani chai nyeusi na chai ya kijani, katika sura zote zinazotufikia: ya rangi, ya maziwa, ya chupa, na hata ile iliyogeuzwa kuwa dawa ya kusukutua. Rai yangu niitoe mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Chai iliyopikwa kwa maji na majani peke yake ni mojawapo ya vinywaji vichache vinavyoweza kuyafaa meno, lakini manufaa yake ni madogo kuliko inavyotangazwa, na vijiko viwili vya sukari vinatosha kuyafuta yote.

Ili tuipime kwa haki, hatuna budi kwanza kujua kinachotendeka kinywani. Kinywa cha mwanadamu kinaweza kuwa makao ya aina zipatazo 700 za bakteria, na wengi wao hawana madhara. Shida huanzia kwenye ukoga, ule utando laini unaonata kwenye meno, hasa mpakani mwa jino na ufizi, ambao mtu huuhisi akipitisha ulimi asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Antonie van Leeuwenhoek aliutazama ukoga wa meno yake mwenyewe kwa hadubini mwaka 1683 na akastaajabia viumbe vidogo vilivyokuwa vikijongea humo. Miongoni mwa wakazi wa utando huo yumo Streptococcus mutans, ambaye ndiye anayetuhumiwa zaidi kwa kuoza kwa meno, na kazi yake ina pande mbili: huichachusha sukari na kutoa asidi ya laktiki, na wakati huohuo hutumia vimeng'enya vyake kuigeuza sukari ya kawaida kuwa gundi ya glukani inayomshikiza kwenye jino pamoja na bakteria wenzake. Kinywa kikishuka chini ya pH 5.5 hivi (pH ni kipimo ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi), madini ya kalsiamu na fosfati huanza kutoka kwenye enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino. Mate yakipata nafasi ya kuivunja nguvu asidi hiyo, madini hurudi. Robert Stephan alionyesha katika miaka ya 1940 kwamba baada ya sukari kuingia kinywani pH huporomoka ndani ya dakika chache, kisha huchukua nusu saa hadi saa nzima kurudi ilipokuwa. Kinywaji chochote kinachodai kulinda meno kinapaswa kupimwa hapo: kinaifanyaje ile gundi, kinaifanyaje asidi, na kinayaachia mate muda gani wa kufanya kazi yao.

Chai nyeusi ndiyo inayonywewa na watu wengi zaidi, kwa hiyo ndiyo inayostahili kutangulia. Baada ya kuvunjwavunjwa, majani yake huachwa yapate hewa mpaka yabadilike rangi, na katika mabadiliko hayo sehemu kubwa ya katekini, kemikali za asili za jani bichi, huungana na kuwa theaflavini na thearubigini, ambazo huipa chai wekundu na ukali wake. Mwaka 2001, Christine Wu wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago aliwasilisha kwa wanamikrobiolojia wa Marekani matokeo ya majaribio ambamo watu walisukutua kwa chai nyeusi kwa sekunde 30, mara tano, wakipumzika dakika tatu kati ya mara moja na nyingine. Bakteria wa ukoga waliacha kukua na kutoa asidi, na vimeng'enya vinavyotengeneza ile gundi vilidhoofika. Kwa kinywaji cha kila siku, hayo si matokeo ya kupuuzwa hata kidogo.

Lakini jaribio lile lilikuwa la kusukutua, si la kunywa. Mnywaji wa kawaida humeza funda lake papo hapo; chai hupita juu ya ulimi na kwenda zake, na maficho ambayo ukoga huyapenda, yaani katikati ya magego na chini ya ukingo wa ufizi, huguswa kidogo tu au hayaguswi kabisa. Naona si haki kuyachukua matokeo ya kusukutua na kuyachapa kwenye pakiti ya kinywaji kana kwamba ni mambo mamoja. Anayetaka kuyakaribia masharti ya jaribio lile anaweza kuiacha chai ipoe kiasi, akaizungusha kinywani baada ya kula kabla ya kuimeza, na akarudia hivyo kikombe kizima. Kuna faida nyingine ya chai nyeusi isiyotangazwa sana, nami naiona ya thamani: polifenoli zake, yaani kundi la kemikali za mimea ambamo katekini na theaflavini zimo, hupunguza nguvu ya amilesi, kimeng'enya cha mate kinachovunja wanga kuwa sukari, kwa hiyo mabaki ya chakula cha wanga yaliyokwama kwenye meno huchelewa kugeuka kuwa lishe ya bakteria.

Chai ya kijani ndiyo iliyobebeshwa sifa nyingi kuliko zote. Majani yake hupashwa moto mapema, kwa mvuke au kwenye chungu kikavu, ili yasibadilike, hivyo katekini hubaki karibu zilivyokuwa, hasa ile ijulikanayo kwa kifupi kama EGCG. Katika maabara kemikali hiyo humdhoofisha Streptococcus mutans na vilevile Porphyromonas gingivalis, bakteria anayehusishwa na ugonjwa wa fizi. Nchini Japani, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwachunguza wanaume 940 wenye umri wa miaka 49 hadi 59, na kila kikombe cha ziada cha chai ya kijani kwa siku kiliambatana na upungufu wa milimita 0.023 katika kina cha mifuko ya fizi, yaani nafasi kati ya jino na ufizi, pamoja na fizi zisizovuja damu kwa urahisi. Mwaka uliofuata, utafiti mwingine wa nchi hiyohiyo uliohusisha watu zaidi ya 25,000 wa miaka 40 hadi 64 ulionyesha kwamba waliokunywa angalau kikombe kimoja kwa siku walielekea kubaki na meno mengi zaidi kuliko wasiokunywa.

Tarakimu hizo zinahitaji kusomwa kwa utulivu. Daktari wa meno hupima mfuko wa ufizi kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita, na milimita 0.023 ni tofauti ambayo hawezi kuiona kwa mgonjwa mmoja aliyeketi mbele yake. Hata vikombe vitano vya ziada havifikii milimita 0.12. Mfuko uliokwisha kufika milimita tano au sita hautajazwa na chai, na mtu anayeahirisha kusafishwa meno kwa sababu anakunywa chai ya kijani anajidhuru. Isitoshe, utafiti wa namna hii huonyesha mambo yanayokwenda pamoja, na wanaokunywa chai ya kijani kwa bidii huenda ndio pia wanaojali mswaki na mlo wao. Ninachokubali bila shaka ni kwamba maabara na takwimu zinaelekeza upande mmoja, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu vinywaji vingi vinavyojitangaza kwa jina la afya.

Kuhusu harufu ya kinywa nitasema machache. Sehemu kubwa ya harufu hiyo hutokana na gesi zenye salfa ambazo bakteria huzitoa wakivunja protini, hasa nyuma ya ulimi, na katekini huzipunguza gesi hizo kwa muda. Kwa muda mfupi, nasisitiza. Asiyesafisha ulimi wake atairudia harufu ileile kikombe kikishaisha.

Anayetaka kuielewa chai kwa kinywa chake mwenyewe na achukue funda la chai iliyokolea, isiyo na sukari wala maziwa, alizungushe, alimeze, kisha apitishe ulimi ndani ya mashavu na nyuma ya meno ya mbele. Atakuta ule utelezi wa mate umetoweka, ngozi ya shavu inakwaruza, na meno yamekuwa makavu kana kwamba yamefutwa kwa kitambaa. Ukakasi huo hutokea kwa sababu polifenoli hunasa protini za mate zinazolainisha kinywa, na tabia hiyohiyo ya kunasa protini ndiyo inayoziwezesha kuvibana vimeng'enya vya bakteria. Ndiyo pia chanzo cha madoa. Jino lina ngozi nyembamba sana ya protini za mate ambayo hujitengeneza upya kila baada ya kusafishwa. Polifenoli huing'ang'ania ngozi hiyo, rangi hujikusanya, na miezi ikipita meno huanza kuonekana ya manjano au kahawia, kwanza penye ugaga, yaani ukoga uliogeuka kuwa mgumu, na katika mianya ya meno ya chini ya mbele. Manufaa na doa, basi, vina mzizi mmoja, na bidhaa inayoahidi kimoja bila kingine inastahili kutiliwa shaka. Doa lenyewe halitoboi jino. Ni suala la sura, na daktari wa meno huliondoa kwa kusugua. Tahadhari moja ni ya lazima kwa wale walioandikiwa dawa ya kusukutua yenye klorheksidini: dawa hiyo huacha rangi ya kahawia kwenye meno, na chai huizidisha sana, kwa hiyo viwili hivyo vitenganishwe kwa saa kadhaa.

Maziwa hubadilisha hesabu hii kwa namna ambayo wauzaji hawaielezi. Kaseini, protini kuu ya maziwa, huzinasa polifenoli kabla hazijafika kwenye jino, na ndiyo sababu chai ya maziwa huchafua meno kidogo kuliko chai ya rangi. Gharama yake ni kwamba polifenoli zilizokwisha kunaswa hazina tena nguvu ileile ya kuwasumbua bakteria. Kwa upande mwingine maziwa huleta kalsiamu na fosfati, na sukari yake ya asili, yaani laktosi, huwapa bakteria asidi kidogo kuliko sukari ya mezani. Kwa mtu anayechukizwa na madoa naona maziwa ni chaguo la busara. Kwa anayetafuta athari dhidi ya bakteria, chai ya rangi iko mbele.

Tumefika penye sukari, na hapa ndipo tathmini nzima inapoamuliwa. Kijiko kimoja cha chai hubeba takribani gramu nne za sukari, na kikombe chenye vijiko viwili kina gramu nane zilizokwisha kuyeyuka, tayari kupenya kila mwanya wa ukoga bila kuhitaji kutafunwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nishati ya mtu kwa siku, na likapendekeza kushuka chini ya asilimia 5, likiwa na afya ya meno miongoni mwa sababu zake kuu. Asilimia 5 ni kama gramu 25 kwa mtu mzima. Vikombe vitatu vya namna hiyo vinakaribia kuimaliza nafasi hiyo kabla mtu hajatia chakula chochote kinywani. Hakuna kipimo cha katekini katika kikombe cha kawaida kitakachowazuia bakteria waliolishwa kwa wingi huo, na asiyeamini atazame tena kazi ya Stephan: pH hushuka dakika chache tu baada ya funda la kwanza.

Kubaya kuliko kiasi cha sukari ni namna ya kunywa. Watu wengi hawamalizi kikombe kwa mkupuo mmoja. Huweka chupa ya chai kando ya kazi yao na kunywa funda moja sasa, jingine baada ya robo saa, jingine simu ikiisha, hivyo kwa asubuhi nzima. Kila funda lenye sukari huanzisha upya ule mporomoko wa pH, na mate ambayo yangehitaji nusu saa au zaidi ya utulivu ili kurudisha madini kwenye enameli hayaipati nafasi hiyo hata mara moja. Kwa meno, kikombe kitamu kinachonywewa na kumalizika pamoja na mlo kina madhara madogo kuliko kikombe hichohicho kikigawanywa kwa saa tatu. Mpendaji wa chai ambaye hawezi kuacha sukari kwa ghafla ningemsihi aanze hapa, kwenye muda, huku akipunguza kijiko nusu kwa nusu mpaka ulimi uzoee. Asali haimwokoi, kwa kuwa ni sukari ileile machoni pa bakteria. Vibadala vya sukari ambavyo Streptococcus mutans hawezi kuvichachusha ni afadhali kwa meno, ingawa ladha yake si ya kila mtu.

Kwa sababu hiyohiyo siwezi kuipendekeza chai ya chupa inayouzwa ikiwa baridi na tayari kwa kunywewa. Sheria za vyakula katika nchi nyingi hutaka viambato viorodheshwe kwa kufuata uzito, kikubwa kikitangulia, na chupa niliyoisoma kwa makini ilianza na maji, ikafuata sukari, kisha asidi ya sitriki, na kiini cha chai kikaja karibu na mwisho. Picha ya jani la kijani mbele ya chupa haibadilishi mpangilio huo. Aina zenye ladha ya limau zinaweza kufika pH ya karibu 3, chini kabisa ya mpaka wa enameli, hivyo huyeyusha madini moja kwa moja hata kabla bakteria hawajahusika. Hata zile zisizo na sukari bado zina asidi. Kwa afya ya kinywa, bidhaa hii iko karibu zaidi na soda kuliko chai. Vilevile ule unga wa pakiti ndogo wenye chai, maziwa na sukari pamoja, ambao mara nyingi sukari ndiyo inayotangulia katika orodha yake, nauweka kundi hilo.

Vinywaji vya matunda makavu na maua, ambavyo huuzwa rafu moja na chai na kuitwa kwa jina hilo, havitoki kwenye mmea wa chai na havina katekini zake. Rosela na michanganyiko yenye maganda ya machungwa au beri ina asidi kali, na mtu anayeinywa kutwa akidhani anayatunza meno anayaweka hatarini. Kamomili na mnanaa si kali hivyo. Ni vinywaji vizuri, ila havina haki ya kuazima sifa za utafiti wa chai.

Floridi inahitaji uangalifu zaidi kuliko mambo mengine yote. Mmea wa chai huvuta floridi kutoka kwenye udongo wenye asidi na kuihifadhi majanini, na kadiri jani linavyokomaa ndivyo linavyojilimbikizia zaidi. Ikipikwa, sehemu kubwa hutoka ndani ya dakika chache, na lita moja ya chai mara nyingi huwa na miligramu 1 hadi 6. Floridi hiyo ikikaa kwenye mate huisaidia enameli kurudisha madini na kuikabili asidi vizuri zaidi, kwa hiyo naihesabu kuwa mojawapo ya faida za kweli za chai, tena isiyohitaji kusukutua. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na hapo msomaji anaona mara moja kwa nini kiasi kina maana. Huko Tibet na sehemu za Mongolia, ambako watu hunywa kwa wingi chai ya matofali iliyoshindiliwa kutokana na majani makuukuu, madaktari wamekuta meno yenye mabaka na hata mifupa iliyodhurika. Mnywaji wa vikombe vitatu au vinne vya chai ya kawaida hana haja ya kuogopa. Wanaoishi penye maji ya visima yenye floridi nyingi wana haja, kwa kuwa chai huongeza juu ya kile kilichomo tayari kwenye maji. Watoto walio chini ya miaka minane, ambao meno yao ya kudumu bado yanajijenga ndani ya taya, wasizoeshwe chai kali iliyotengenezwa kwa majani yaliyokomaa. Chai ya machipukizi na majani machanga ina floridi ndogo zaidi.

Dawa za kusukutua zenye kiini cha chai ya kijani ndizo zinazokaribia zaidi masharti ya majaribio, kwa sababu hukaa kinywani na kutemwa. Huwapunguza bakteria wa ukoga kwa kiasi, wala hazitii doa kama klorheksidini. Ningezinunua kama nyongeza kwa mtu mwenye fizi zinazovimba kirahisi, baada ya kuhakikisha kwamba hazina sukari, na bado ningemwambia kwamba mswaki na uzi wa kusafisha katikati ya meno huondoa ukoga wenyewe, ilhali dawa huwatuliza tu waliomo.

Kwa anayeamua kuitumia chai kwa faida ya kinywa chake, upishi wake si mgumu. Majani yapewe dakika tatu hadi tano kwenye maji moto, yachujwe, kisha kikombe kisubiri. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2016 liliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto linalozidi nyuzi 65 miongoni mwa vitu ambavyo huenda husababisha saratani ya umio, na chai inayochoma ulimi haizungushwi kinywani hata hivyo. Wakati mzuri kuliko wote ni baada ya mlo, bila sukari. Aliyetia limau asikimbilie mswaki, bali asuuze kwa maji na kusubiri angalau nusu saa, maana enameli iliyolainishwa na asidi husuguliwa kirahisi. Kikombe cha mwisho cha usiku, hasa chenye maziwa, kitangulie mswaki badala ya kuufuata, kwa kuwa mate hupungua sana mtu akilala, na kilichobaki kwenye meno hukaa na bakteria mpaka asubuhi.